Shukrani kwa mzee wa miche wa Nyali

Namshukuru hadharani mzee auzaye miche kando ya barabara huku Nyali, ambaye hakupenda nimtaje jina.

Dada yangu aishiye Calgary, Kanada, alihamia nyumba ambayo ua wake ulifunikwa na mmea mtambaazi wenye maua ya manjano yaliyoinama kama kengele, na hakuna aliyemwambia ni mmea gani. Alinitumia picha, nami nikampelekea mzee.

Mwingine angetaja jina lolote ili niondoke. Yeye aliomba picha zaidi: jani lilivyoshikana na shina, na maua yaliyokwisha kunyauka. Kisha akaniongoza hadi kwenye mpasheni wake, akanionyesha kikono chembamba kilichojisokota kwenye waya, akaeleza kwamba mmea wa dada hauna vikono, bali hupanda kwa kuzungusha vikonyo vya majani yenyewe, ambayo huota mawili mawili yakielekeana. Petali nne tulizozisifia kumbe ni sepali, yaani vile vijani vya nje vifunikavyo tumba la ua. Zilipofika picha za mbegu zenye manyoya ya rangi ya fedha, alifungua kitabu chake kilichochakaa na kuniwekea kidole kwenye Clematis tangutica, mmea wa Asia ustahimilio baridi kali.

Hakuishia hapo. Alisisitiza dada avae glavu, kwa kuwa utomvu wake huwasha ngozi, na aulizie sheria za huko, maana mbegu hizo hupeperushwa mbali. Kweli, mkoa wa Alberta, uliko mji wa Calgary, umeuorodhesha mmea huo miongoni mwa magugu ya kudhibitiwa.

Malipo aliyakataa. Nilinunua mche wa asmini, akaniuzia kwa bei ya kila mtu. Nanyi mpitao hapo, mnunulieni.