Habari yenu ya "nyota ya dhahabu" imetugharimu jina la babu

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nimelisoma tangu enzi za nakala moja kupokezana watu wanne kijiweni, na sijawahi kuwaandikia hata mstari. Mlipoihamishia Kongwa mkoa wa Singida nilinyamaza, nikasema ni uchovu wa usiku. Lakini ile habari ya mzee wa Kondoa na "nishani yake ya dhahabu ya ushujaa", tena na picha kubwa namna ile, imenishinda.

Mimi si msomi wa historia. Ni fundi cherehani hapa Majengo, nina miaka 31 nashona sare za mgambo, za walinzi na za bendi, na utepe wa medali nautambua kwa mbali kama mama ntilie anavyoutambua mchele mbovu. Picha yenu haikunidai hata miwani. Mstari mpana mwekundu katikati, bluu iliyokoza pande zote mbili, na kila bluu imepasuliwa na mstari wa rangi ya chungwa: hiyo ni Nyota ya Burma, waliyopewa na Mwingereza askari waliotumikia Burma katika vita vya pili vya dunia. Na hata kama utepe ungeliwa na nondo, nyota yenyewe imeandikwa Burma, kwenye duara lililozunguka herufi za jina la mfalme. Mwandishi wenu aliishika mkononi akapigwa nayo picha! Ile ni shaba iliyochanganywa na zinki, ndugu wa koki ya bomba. Dhahabu haimo.

Ile ya pili, ya mviringo, mkasema simba wake ni "alama ya ushujaa wa askari wa Tanganyika". Simba yule amesimama juu ya joka lenye vichwa viwili, na medali yake alipewa yeyote aliyetumikia jeshini siku 28 kati ya Septemba 1939 na Septemba 1945, mpishi na karani wakiwemo. Medali ya ushujaa kwa askari wa kawaida ilikuwa nyingine, ya fedha, na nyuma yake imeandikwa kabisa kuwa ni ya ushujaa vitani. Utepe wake bluu iliyokoza, katikati mistari mitatu myeupe na miwili myekundu. Simshushii mzee wa watu heshima. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye batalioni za Tanganyika ndani yake, ilishuka Bonde la Kabaw, huko Burma, katika mvua za 1944 mpaka Kalewa, kwenye matope na malaria. Mtu aliyetoka huko haongezewi chumvi na mtu aliyetoka Dodoma asubuhi kwa gari la ofisi.

Kilichoniumiza zaidi ni sentensi yenu ya mwisho, kwamba jina la mzee "limefutika kwa uzee wa medali". Halikufutika, maana halikuwahi kuandikwa. Nyota na medali za utumishi za vita vya pili ambazo Mwingereza aliwapa keya wetu, yaani askari wa kikosi chake cha KAR, hazikuwa na jina. Zenye jina ni zile za vita vya kwanza, nalo liko ukingoni, pale pembeni pembamba ambapo watu hawapaangalii, pamoja na namba ya askari, cheo na kikosi. Nalijua hilo kwa sababu tulikuwa nayo moja. Nasema tulikuwa nayo.

Baba yake babu yangu alianza uaskari kwa Mjerumani, akatekwa, na mwaka 1917 Waingereza walipounda kikosi cha sita cha keya kwa askari wa namna yake akabadilishiwa kofia tu. Alirudi Ugogo akakuta njaa ya Mtunya imeshapita nyumbani kwake. Alichorudi nacho na kikadumu ni medali moja ya fedha, uzito kama wakia moja, mfalme upande huu na upande wa pili mtu uchi juu ya farasi. Ilikuwa Mvumi kwa shangazi, kwenye kopo la maziwa ya unga, pamoja na nyota na ile ya simba za babu mwenyewe. Shangazi kila Krismasi aliisugua kwa majivu na ndimu mpaka sura ya mfalme ikawa kama sabuni inayokaribia kwisha. Nilimkataza miaka kumi, akanijibu kitu cha marehemu hakikai kichafu. Basi. Siku tisa baada ya habari yenu alifika kijana na bodaboda, ana kamizani kadogo na picha ya ukurasa wenu kwenye simu. Akamwambia, "Bibi, hii nyota ni dhahabu, gazeti limesema." Akachukua kopo zima kwa shilingi 45,000. Mimi nilipopata habari nilifunga kibanda nikazunguka kwa masonara wa mjini siku mbili, wa tatu kunikaribisha ndiye aliyekuwa nazo. Nyota alishaijaribu kwa tindikali, ikatoa povu la kijani, akaitupa kwenye bati la skrubu. Ya fedha ilikuwa mezani. Alikuwa ameipiga tupa kuona kama fedha imeingia mpaka ndani au imepakwa juu tu. Na sonara mwenye akili hachubui uso wa kitu, huchubua ukingo. Mhariri, nimeigeuza ile medali kwenye mwanga wa mlangoni kwake: zimebaki tarakimu mbili za mwisho za namba, na jina la kikosi. Katikati ni mng'aro mtupu, urefu wa ukucha wa kidole gumba. Lile jina halikuwa limeandikwa mahali pengine popote tunapopajua, si kwenye kaburi, si kwenye Biblia ya ukoo. Nililipa 60,000 kuirudisha, na sonara akanipa pole ya kweli, akasema na yeye gazeti alilisoma.

Na hao wanunuzi wenyewe tumewazoea mno. Mtaani kwetu kibao cha jina la mtaa kimeondoka na nguzo yake, sasa namwelekeza mteja kwa kumwambia "ukifika pale kilipokuwa kibao". Mfuniko wa chemba nyuma ya soko uliibwa, wakaweka tairi. Mtu anapita na mkokoteni na kipaza sauti akitangaza vyuma chakavu saa kumi na mbili asubuhi, hakuna anayemuuliza hicho chuma kimechakaa lini.

Naomba yafuatayo. Masahihisho yachapwe ukurasa uleule na kwa ukubwa uleule, si kule chini ya matangazo ya vifo. Mwandishi wenu anunuliwe lenzi ya fundi saa, na siku nyingine akiletewa medali apige picha nne: mbele, nyuma, utepe, na ukingo mzunguko mzima, na pembeni aweke sarafu ya shilingi 50 ili ukubwa uonekane. Neno dhahabu afungiwe kabatini, funguo akae nayo mhasibu. Na wazee wenye hivi vitu washone mfuko kwa ndani ya koti, wenye kifungo. Nitawashonea bure mpaka Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, uzi wangu.

Mwandishi akitaka kuona ukingo uliopigwa tupa unafananaje, aje. Asije asubuhi, nina sare za shule.

Fundi cherehani,
Majengo, Dodoma