Nyumba za Mikindani zinataka chokaa, si saruji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niisemee Mikindani, mji wa wazee wangu. Wageni wengi wanaokuja Mtwara huuona kupitia dirisha la basi tu, ilhali uko kilomita 10 hivi kutoka Mtwara mjini, pale pale kwenye barabara ya kwenda Lindi.

Desemba iliyopita wajukuu zangu wawili walikuja likizo kutoka Dodoma. Niliwapeleka Shangani wakaogelea mpaka macho yakawa mekundu. Kesho yake nikawapeleka Kanisa la Mtakatifu Paulo, Majengo, kuangalia picha za Biblia alizochora Padri Polycarp Uehlein, Mbenediktini wa Ujerumani. Mimi ni Mwislamu, lakini kuta zile kila mtu wa Mtwara anajivunia. Siku ya tatu tukapanda daladala hadi Mikindani, tukaiacha lami, tukaingia vichochoroni.

"Babu, hapa ndipo palikuwa mjini?" mdogo akaniuliza.

Palikuwa mjini hasa. Majahazi yalitia nanga katika ghuba ile kwa sababu imejikinga na upepo na maji yake yametulia. Livingstone alishukia hapo mwaka 1866 alipoanza safari yake ya mwisho ya bara. Pembe za ndovu zilipita hapo, na watu pia, wakitolewa bara kwenda kuuzwa. Hilo niliwaeleza waziwazi, kwa kuwa nao wametoka kwenye damu ya watu hao. Mwaka 1895 Wajerumani wakajenga Boma lao. Waingereza nao wakaja na mpango wa karanga wa Nachingwea, mwaka 1947. Wakataka bandari ya meli kubwa, wakaijenga Mtwara. Karanga zenyewe hazikufika mbali, mwaka 1951 mpango ukaachwa, ila shughuli zilishahamia Mtwara na hazikurudi tena.

Sasa nifike kwenye nyumba, maana ndizo zilizonifanya nishike kalamu. Nyumba ya babu yangu mzaa mama ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, dari lake ni boriti za mikoko, na mbele ina baraza ambapo tulilala usiku wa joto. Miaka michache iliyopita ukoo ulichanga fedha tukaleta fundi. Akabandua chokaa chote, akapiga plasta ya saruji nyumba nzima. Mwaka wa kwanza ilipendeza, tukamshukuru. Msimu wa pili wa mvua ukuta ukaanza kuvimba.

Mjukuu wangu aliubonyeza kwa kidole tu, kipande cha plasta kikubwa kama sinia kikaanguka miguuni pake. Nyuma yake mlikuwa na mchanga mbichi uliopakwa weupe. Akaugusa, akalamba kidole. "Chumvi, Babu."

Ndivyo ilivyo. Ukuta wa matumbawe hunywa unyevu kutoka ardhini na chumvi ya bahari, kisha huutoa nje kupitia chokaa. Ukiufunga kwa saruji, unyevu hauna pa kutokea, chumvi inabaki ndani na kuusaga ukuta taratibu. Simlaumu fundi. Hakuna aliyemfundisha, na sisi wenye nyumba hatukujua kuuliza. Lakini nimezunguka mtaa ule na kuona kosa letu nyumba baada ya nyumba.

Na sheria haitutoshi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Kilichojengwa baadaye hakilindwi mpaka Waziri akitangaze, na nyumba nyingi za Mikindani ni za baada ya hapo.

Ninaiomba Manispaa ya Mtwara-Mikindani mambo mawili. Iwachukue vijana wachache wa pale pale Mikindani, wafundishwe kuloweka chokaa, kukikoroga na kukipiga ukutani kama wazee walivyofanya. Pili, yeyote anayeomba kibali cha kukarabati nyumba ya matumbawe aelezwe habari ya saruji kabla hajanunua mfuko wa kwanza. Wapo watakaosema kuchoma chokaa ni kuua matumbawe ya bahari, na wana haki. Hatukuanzisha Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma mwaka 2000 ili tuyavunje hapa. Lakini mawe ya chokaa yamo nchi kavu, na mkoani kwetu yanachimbwa kila siku kwa ajili ya hiyo hiyo saruji.

Kwamba jengo la zamani linaweza kuinuka tena, Boma ni shahidi. Lilikuwa gofu, likakarabatiwa, na leo ni hoteli. Mgeni akilala pale, asubuhi anateremka vichochoroni kutafuta milango ya nakshi na mtu wa kumsimulia. Tusimwachie vifusi.

Mafunzo hayo yakianza, wanafunzi watahitaji ukuta wa kujifunzia. Nyumba yetu ipo, ukoo umekubali, na funguo ninazo mimi.

Mjukuu wa Mikindani,
Shangani, Mtwara