Dartmoor: tazameni ardhi, si urefu wa kilima

Mhariri,

Naomba nafasi niongeze machache kwenye makala yenu ya safari iliyowahimiza Waswahili walioko kusini-magharibi mwa Uingereza, wanafunzi hasa, wakatembee Dartmoor, nyika ya vilima iliyoko Devon, kwa kuwa "vilima vyake ni vifupi". Ni vifupi kweli. Kilele cha juu kabisa, High Willhays, kina mita 621 tu, na mtu wa Lushoto ana haki ya kucheka. Ila pale Dartmoor urefu ndio kipimo kibaya kuliko vyote. Kinachochosha watu na kuwapoteza ni ardhi wanayoikanyaga.

Dartmoor ni bonge la graniti lililopoa chini ya ardhi kama miaka milioni 280 iliyopita, likafunuliwa baadaye miamba iliyolifunika ilipomomonyoka. Vichwa vya mawe vilivyobaki juu ya vilima huitwa tor, na aliyezoea mawe ya Mwanza hataviona vigeni: mabonge ya mviringo yamepangana kama magunia, kwa sababu maji hupenya kwenye nyufa na kuanza kula pembe. Chini ya miguu ndipo mambo yanapobadilika. Graniti hainywi maji, mvua ya Princetown, mji mdogo ulio katikati ya nyika hiyo, hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka (Dar es Salaam hupata kama 1,100), na baridi pamoja na maji huzuia majani yasioze sawasawa. Hapo hujengeka mboji nyeusi inayoshika maji kama sifongo, mahali pengine kina chake kikizidi mita moja.

Ndiyo maana mgeni hudanganywa na ramani. Huona eneo lisilo na mistari ya mwinuko akadhani ni uwanja, kumbe ndiko maji yalikokosa pa kwenda. Cranmere Pool, kaskazini mwa nyika hiyo, ni mfano mzuri. Jina ni la kidimbwi kisicho na maji tena, na mwaka 1854 watembezi walianza kuacha kadi zao kwenye chombo kilichowekwa pale kama ushahidi kwamba wamefika. Njia ya kufika karibu haina mlima, lakini ni mboji iliyokatwakatwa na vijifereji, na nyasi za mashungi zinazokunja kifundo cha mguu kila hatua. Mgeni asianzie huko.

Aanzie wapi? Haytor, tor iliyoko mashariki mwa nyika. Kutoka kwenye maegesho ya chini, penye kituo cha wageni, hadi kwenye mwamba ni chini ya kilomita moja juu ya majani mafupi yaliyolishwa na kondoo, ukipanda kama mita 100. Mwamba uko mita 457, na hali ya hewa ikiwa safi bahari huonekana. Shukeni upande wa kaskazini mkatazame machimbo ya zamani na reli yake ya mawe, iliyofunguliwa 1820: mataruma hayakuwapo, wala chuma, reli zenyewe zilichongwa kwa graniti. Magari yaliyobeba mawe yaliteremka kwa uzito wake na farasi wakayarudisha matupu. Reli hiyo ni msaada mkubwa kwa mgeni siku ya ukungu, maana ni mstari usiopotea. Sehemu ya mawe ya Haytor iliingia katika daraja la London la 1831, lile ambalo sasa liko Arizona.

Wenye nguvu huunganisha Haytor na Hound Tor, tor nyingine ambako kuna magofu ya kijiji cha zama za kati kati ya mawe. Mzunguko huo ni kati ya kilomita 8 na 10. Hapa hesabu ya makala yenu ilikosea, kwani ilipima umbali peke yake. Katikati kuna bonde la Becka Brook, kwa hiyo utateremka, utapanda, kisha utarudia yote wakati wa kurudi. Tumieni kanuni ya Naismith, Mskochi aliyeitoa 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, na dakika 10 kwa kila mita 100 za kupanda. Kilomita 9 na mita 400 za kupanda ni karibu saa mbili na nusu bila kupumzika. Kanuni hiyo ilikusudiwa watu wazima wenye afya kwenye ardhi ya kawaida. Mkiwa na watoto, au mkipita kwenye nyasi za mashungi, wekeni saa nne.

Kwa mwenye magoti mabovu au kigari cha mtoto chenye magurudumu makubwa, Princetown kuna njia ya reli iliyofungwa 1956. Haina mwinuko wa maana, imeshindiliwa kokoto, na kama kilomita mbili na nusu inakufikisha karibu na machimbo ya Foggintor. Msiogelee humo, maji ni baridi ya kukata pumzi hata Julai. Wistman's Wood, msitu mdogo wa mialoni mifupi iliyofunikwa kuvumwani (mimea laini ya kijani inayoota kwenye mawe na magogo), iko kama kilomita mbili kutoka Two Bridges. Tembeeni kando yake, msiingie ndani, kwa sababu kuvumwani ya kwenye mawe hung'olewa na viatu na huchukua miaka mingi kurudi.

Sasa yanayoharibika. Graniti kavu ina chembe kubwa na hushika soli vizuri mno, kiasi kwamba mtu huiamini. Ikilowa, ile kuvu ya kijivu iliyoigandia hugeuka sabuni, na anayeteleza aghalabu ni anayeshuka. Chini ya tor nyingi mawe yametapakaa, nusu yamefichwa na makangaga. Zungukeni, msikatize. Kuhusu tope, rangi ya kijani kibichi inayong'aa, tambarare kama zulia, ni kuvumwani juu ya maji. Kanyageni penye vichaka vigumu. Hadithi za watu kumezwa wazima wazima na tope zimetiwa chumvi. Mara nyingi utazama hadi gotini, ukapoteza kiatu, na hasara halisi ni mguu uliolowa kilomita 5 kutoka kwenye gari.

Ukungu hushuka kwa dakika chache. Kabla hujaondoka kwenye tor yoyote, ukiwa bado unaona, weka dira kuelekea unakokwenda na upime umbali kwenye ramani ya 1:25,000 (namba yake ni OL28, sentimita 4 ni kilomita moja). Hesabu hatua za mguu mmoja: watu wengi hupiga kama 65 kwa mita 100 kwenye majani mafupi, na zaidi ya 75 kwenye mashungi. Simu isaidie tu, maana baridi hula betri. Na jihadharini na vijia vya kondoo. Huanza kama barabara ya watu, kisha huishia popote kondoo alipoona majani.

Jinzi ziacheni nyumbani. Zikilowa hazikauki, na kila mita 100 za kupanda joto hushuka zaidi ya nusu nyuzi, upepo mbali. Koti lisilopitisha maji, sweta la ziada, tochi, filimbi, chai ya moto. Suruali iingizwe ndani ya soksi kwa sababu ya kupe, hasa makangaga yakishakua. Mwishoni mwa Desemba jua huzama kama saa 10:15 jioni, kwa hiyo amueni saa ya kugeuka kabla ya kuanza na muiheshimu hata kilele kikiwa mbele ya macho.

High Willhays na jirani yake Yes Tor ziko ndani ya eneo la mazoezi ya jeshi. Bendera nyekundu mchana, au taa nyekundu usiku, maana yake risasi ni za kweli. Ratiba hutangazwa mapema, isomeni. Msiguse chuma chochote mtakachokikuta chini. Mtu akiumia, pigeni 999, ombeni polisi kisha waokoaji wa milimani, mkitaja mahali mlipo kwa herufi SX, za mraba wa ramani ulimo Dartmoor, na tarakimu sita za ramani. Bila mtandao, filimbi mara sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia.

Na ile picha ya makala yenu, ya mtoto akimlisha farasi mkate, mhariri, haikufaa. Kuwalisha ni marufuku pale. Farasi wale wana wenyewe, na wakizoea mkono wa mgeni huhamia kando ya barabara, ambako magari huwagonga usiku.

Msomaji wenu,
Exeter, Uingereza