Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mwaka wa Manukuu

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mhazini. Mimi nitaeleza kazi iliyokula karibu muda wetu wote mwaka huu, yaani kuandaa manukuu (maandishi ya tafsiri chini ya picha) ya Kiswahili ya Star Trek, mfululizo wa televisheni wa Marekani kuhusu safari za anga za mbali, na matawi yake, na kwa nini imekwenda polepole kuliko tulivyopanga.

Kabla hata ya kutafsiri neno moja, tulibishana juu ya hesabu. Mfululizo wa kwanza, uliorushwa na kituo cha NBC kuanzia tarehe 8 Septemba 1966 hadi Juni 1969, una vipindi 79. Anayesema 80 ameongeza kile cha majaribio, The Cage, ambacho enzi zile hakikurushwa. Kwenye matawi ni vivyo hivyo: The Next Generation (1987–1994) wengine wanaihesabu vipindi 176 na wengine 178. Deep Space Nine 173 au 176. Voyager 168 au 172. Wote wako sahihi. Vipindi vya urefu maradufu vilikatwa vipande viwili kwa ajili ya marudio, na kila kipande kikapewa namba yake. Madhara yake kwetu ni haya: ufunguzi wa msimu ukikatwa, namba zote zinazofuata zinasogea moja mbele, na mwanachama anapakua manukuu ya kipindi kingine kabisa. Kwa hiyo jina la faili sasa lina msimu na jina la kipindi. Namba peke yake haikubaliki tena.

Kuhusu mpangilio wa kutazama, wanaotaka kuchanganya matawi ya karne ya 24 watumie tarehe ya nyota (stardate), yaani kalenda ya kubuni inayosomwa mwanzoni mwa vipindi vingi. Ina tarakimu tano kabla ya nukta. Msimu wa kwanza wa The Next Generation ni 41 elfu na kitu, wa pili 42, na kuendelea. Deep Space Nine inaanza kwenye 46, sambamba na msimu wa sita wa wenzao. Voyager inaanza kwenye 48. Kwa mfululizo wa kwanza msijisumbue, tarehe zake zinaruka mbele na nyuma. Na aliyelalamika kwamba daktari na sare vinabadilika ghafla kwenye kipindi cha tatu, jibu ni kwamba Where No Man Has Gone Before kilitengenezwa kabla ya viwili vilivyokitangulia hewani. McCoy, daktari mliyemzoea, alikuwa hajaajiriwa.

Malalamiko mengi zaidi yalihusu manukuu kutolingana na sauti. Tafadhali, kabla ya kuripoti, pima mstari wa kwanza na wa mwisho. Ikiwa yote miwili imechelewa kwa kiasi kilekile, sogeza faili zima kwa sekunde hizo na umemaliza. Ikiwa wa kwanza uko sawa na wa mwisho umepotea, tatizo ni kasi ya picha. Filamu ya fremu 23.976 kwa sekunde ikigeuzwa kwenda PAL, mfumo wa televisheni wa Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika, huchezeshwa kwa fremu 25, kwa hiyo kipindi cha dakika 50 kinakwisha takriban dakika mbili mapema. Kosa linakua karibu sekunde mbili na nusu kila dakika, na kusogeza hakusaidii: zidisha nyakati zote kwa 0.959. Ikiwa manukuu yako sawa hadi katikati kisha yanaruka ghafla, nakala yako imekatwa kupisha matangazo. Hiyo hatuwezi kuitengeneza.

Vipimo vyetu havijabadilika: mistari miwili, kila mmoja herufi zisizozidi 42, na mtazamaji apewe sekunde moja kwa kila herufi 17. Mistari miwili iliyojaa inahitaji sekunde tano. Msikate mstari kati ya nomino na kihusishi cha "a" kinachoifuata. Faili lihifadhiwe kwa msimbo wa herufi wa UTF-8, na alama ya ng' iwe ya mnyoofu; ile iliyopinda inayowekwa na programu za kuandikia barua hugeuka takataka ya alama tatu kwenye televisheni za zamani.

Sasa lugha yenyewe, ambako ndiko tulikokwama hasa. Kipindi cha The Next Generation cha mwaka 1989, The Measure of a Man, ni kesi ya kuamua kama Data, ofisa ambaye ni roboti mwenye umbo la mtu, ni mali ya jeshi au ni mtu mwenye haki ya kukataa kuvunjwavunjwa. Kwa Kiingereza, mtaalamu Maddox anamtaja Data kama kitu tangu mwanzo, na hakimu anamkumbusha mwishoni kwamba safari hii hakusema hivyo. Rasimu yetu ya kwanza iliandika "amekataa", "atahamishwa" toka dakika ya kwanza, kwa mazoea tu. Matokeo yake, kauli ya hakimu ikakosa mguu wa kusimamia. Kiswahili hakikuachii nafasi ya kujificha: kila kitenzi kinadai ngeli. Rasimu ya pili inamwekea Maddox "kimekataa", "kitahamishwa", na a- inatokea kinywani mwake mara ya kwanza pale mwisho. Nathubutu kusema kesi ile inauma zaidi kwetu kuliko kwa Kiingereza, maana hata kuku tunampa a-.

Kwa sababu hiyohiyo, jina la Seven of Nine, mwanamke wa Voyager aliyeokolewa kutoka kwa Borg, tumeamua liwe "Saba wa Tisa", si "Saba ya Tisa". Na kwa Borg, viumbe nusu mashine wanaofikiri kwa akili moja ya pamoja, chungeni kiambishi: Hugh, kijana wao katika kipindi cha I, Borg, anaanza kwa "tu-" na kufika kwenye "ni-" kwa shida. Mtafsiri aliyeteleza akaandika "ninataka" mapema ameua kipindi kizima.

Cheo cha captain kilituchelewesha pia. "Nahodha" ni neno zuri la baharini, lakini linataja kazi. Sisko, mkuu wa kituo cha Deep Space Nine, anapandishwa cheo kuwa captain mwishoni mwa msimu wa tatu ilhali kazi yake haibadiliki. Tukiandika "nahodha" kote, kupandishwa huko hakuonekani. "Kapteni" nako, kwa aliyezoea vyeo vya nchi kavu, ni ofisa aliye chini ya meja. Tumekubaliana "Nahodha" katika kuitana chomboni, na "kapteni" pale tu cheo chenyewe kinapozungumziwa. Najua wapo wasioridhika.

Limebaki suala la Uhura, ofisa wa mawasiliano wa mfululizo wa kwanza. Jina limetoka kwenye "uhuru", likatiwa a mwishoni lisikike la kike, ingawa Kiswahili hakijui a ya namna hiyo. Katika The Man Trap kiumbe anamsemesha Kiswahili. Katika The Changeling, akiwa amefutiwa kumbukumbu na kufundishwa upya, anateleza na kusema Kiswahili mwenyewe. Mtazamaji wa Marekani aliona pale kwamba lugha imebadilika. Kwetu, kila kitu kikiwa Kiswahili, badiliko linamezwa. Tulijaribu herufi za mlalo, lakini televisheni nyingi zinazosoma kutoka flashi zinaonyesha alama za msimbo zikiwa wazi. Kwa sasa tunatanguliza [Kwa Kiswahili] na kuandika kinachosikika bila kusahihisha sarufi.

Mkutano unaombwa kupiga kura juu ya mambo mawili. La kwanza, kama tuanze Deep Space Nine au tumalize kwanza vipindi 22 vya katuni za 1973 na 1974. Kamati inapendekeza katuni, kwa kuwa ni vya nusu saa na vinafaa kuwazoeza watafsiri wapya. La pili, Waklingon, taifa la kubuni la wapiganaji, wasemapo lugha yao, Kiklingon: tuandike matamshi au tuache kimya? Kamati imegawanyika nusu kwa nusu, na mimi sikupiga kura yangu.