Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mfumo wa Kompyuta Tuliousimamisha

Ndugu wanachama,

Kamati ilikutana mara nne, semina ya makarani na watunza stoo ilifanyika Jinja, rambirambi ziliwafikia wenzetu waliofiwa na hesabu zimekaguliwa. Hayo mnayajua. Kati ya wanachama 140, waliolipa ada kamili ni 53, na waliofika leo, nikiwahesabu hata wale waliosimama nje wakiongea na simu, hawatimii 40. Ninasikitika kulisema hili kwa sababu wengi wa wasiokuwapo ndio wanaotumiana maneno makali kuhusu uamuzi nitakaoueleza.

Mwezi wa Agosti kamati, chini ya uongozi wangu, ilisimamisha mfumo wa kusajili wanachama na kupokea ada, ikarejesha daftari. Kejeli nimezisikia, kwamba chama cha watu wanaoshinda mbele ya kompyuta kimerudi kwenye kalamu. Ikumbukwe kwamba ni mimi niliyeupendekeza mfumo huo miaka miwili iliyopita, na shilingi milioni 4 na laki 2 zilizotumika zilitoka kwa saini yangu na kwa idhini ya mkutano huu. Hakuna aliyeumia kuuzima kunishinda mimi.

Mwaka 1988 watafiti wawili wa Marekani, Doll na Torkzadeh, walitoa maswali 12 ya kupima kama mtumiaji ameridhika na mfumo wa kompyuta, nayo yanagusa mambo matano: yaliyomo, usahihi, mpangilio, wepesi wa kutumia na taarifa kupatikana kwa wakati. Niliupima mfumo wetu kwa mizani hiyo, peke yangu, kwa usiku mbili ambazo sikuzidai posho. Mpangilio ulikuwa wa kupendeza, sikatai. Uliangukia kwenye usahihi. Mama mmoja, karani wa stoo kutoka Mbarara, alikuja na simu mkononi, ujumbe wa malipo ya shilingi 50,000 ya mwezi Machi ukisomeka wazi, huku mfumo ukisema anadaiwa. Tulipotafuta, tuliikuta fedha yake kwenye jina la mwanachama mwingine anayefanana naye jina la mwisho. Hakugomba. Alitoa kwenye mkoba kijidaftari kilichokunjika pembe, akatuonyesha tarehe aliyoiandika kwa kalamu nyekundu, akasema, "Mwenyekiti, hata kazini ni hivi hivi: naingiza kwenye kompyuta, halafu naandika hapa." Sasa mnisaidie kufikiri, ndugu zangu, mtu huyo tungemwambia nini kuhusu uzuri wa skrini?

Lipo pia suala la huduma. DeLone na McLean, watafiti wengine wawili waliochapisha mwaka 1992 maelezo yao ya jinsi mfumo wa kompyuta unavyofanikiwa, waliyarekebisha mwaka 2003 na kuongeza ubora wa huduma anayopewa mtumiaji, na mimi nimeelewa kwa nini. Aliyetuuzia mfumo, ambaye sitamtaja, kabla ya kulipwa alikuwa akipokea simu hata Jumapili. Baada ya kulipwa tulijibiwa siku ya tisa, tena kwa kuambiwa tuzime kisha tuwashe.

Wapo wanaodai kosa ni la wanachama waliokataa kujifunza. Mafunzo yenyewe yalikuwa ya saa moja, Jumamosi, umeme ukakatika katikati, nami nikakubali kwamba yametosha, hilo nalibeba. Lakini mwanachama wa Lira anayenunua data kwa fedha yake, data ambayo hapa Uganda tangu Julai 2021 inatozwa kodi ya asilimia 12, akafungua na kukuta deni lisilo lake, sioni namna ya kumlaumu akiacha kufungua tena. Ninachokikataa ni kisingizio kwamba ada zimekwama kwa sababu ya mfumo, maana tangu Agosti daftari lipo, kalamu ipo, na ada bado hazijaja.

Mwaka ujao, Mungu akijalia na fedha zikipatikana, tunatarajia kutafuta mfumo mwingine, ambao makarani wenyewe wataujaribu kabla hatujalipa chochote, na ikiwezekana uwe na maelezo ya Kiswahili. Tarehe siwezi kuitaja.

Daftari liko mezani kwa mweka hazina, karibu na mlango. Kila mmoja alitazame jina lake kabla ya chakula, na mwenye ujumbe wa malipo kwenye simu asiufute.