Rivolva nayo hukwama, msiwaambie watu wavute tena

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu makala mliyochapa hivi karibuni kuhusu bastola za silinda, yaani rivolva. Mwandishi wenu alisema rivolva haijui kukwama: risasi moja ikigoma, mlengaji avute tena kifyatulio, silinda izunguke, risasi nyingine ije. Mimi ni fundi wa silaha na msimamizi wa uwanja wa shabaha, na ushauri huo umenikosesha raha. Wapo walenga shabaha wenye kibali cha kujijazia risasi wenyewe, na kwao sentensi ile inaweza kuwagharimu vidole au macho.

Chukua risasi iliyogoma. Nyundo imegonga, kimya. Huenda fataki, kile kikofia kidogo kitakoni mwa risasi kinachowasha baruti, imeshika moto lakini baruti imechelewa kuwaka. Ukivuta tena, silinda inaiondoa risasi ile nyuma ya mtutu na kuiweka pembeni, na ikiamua kulipuka hapo haina njia ya kutokea. Basi tulia, mtutu uelekee kwenye shabaha, subiri nusu dakika nzima, ndipo ufungue silinda.

Kinachonitisha zaidi ni risasi inayolia hafifu. Mjazaji ameruka ganda moja bila kulitia baruti. Fataki peke yake ina nguvu ya kutosha kukisukuma kichwa cha risasi mpaka ndani ya mtutu, kikasakama humo. Mlengaji anasikia "pu" badala ya mshindo, mkono hausikii teke, na kwenye karatasi hakuna tundu jipya. Akivuta tena, kichwa cha pili kinakuta njia imezibwa. Mezani kwangu ninao mtutu ambao huwaonyesha wote ninaowafundisha: kwa nje umevimba kama umevishwa pete, na ukiumulika kwa ndani unaona duara jeusi pale chuma kilipotanuka. Huo ulivimba tu. Mingine hupasuka. Pengine kichwa huishia njiani, nusu kwenye silinda, nusu kwenye mtutu, na silinda haizunguki wala haifunguki. Hapo usilazimishe kitu, kwa maana matundu mengine bado yana risasi nzima. Mwite fundi aje ulipo.

Kosa la upande wa pili ni ganda kutiwa baruti mara mbili, na hapa umbo la ganda lenyewe linachangia. Risasi ya rivolva iitwayo .38 Special ilibuniwa mwishoni mwa karne ya 19, ganda lake likapimwa kwa baruti nyeusi inayokula nafasi kubwa. Baruti za leo zisizo na moshi huhitajika kidogo sana, kiasi kwamba vipimo viwili vinaweza kuingia na ganda lisifurike. Macho ya mjazaji ndiyo kinga. Maganda yakae kwenye kibao, taa iwe juu yake, na kila ganda lichunguliwe kabla kichwa chochote hakijapachikwa. Walio makini huchagua, miongoni mwa baruti zilizotajwa kwenye kitabu cha vipimo, ile yenye ujazo mkubwa, ili kipimo cha pili kikiingia kimwagike na kuonekana.

Sasa silinda inayozunguka kwa shida. Wengi hukimbilia kuniletea bastola, na mimi huomba kwanza niione risasi. Pitisha kidole kwenye kitako chake. Fataki iwe imezama kidogo kuliko chuma kinachoizunguka. Ukiisikia imechomoza, ndiyo inayokwaruza fremu, yaani mwili wa bastola, silinda inapozunguka. Fataki hiyo hiyo huleta ugonjwa wa pili: inagoma pigo la kwanza, inakubali la pili, kwa sababu pigo la kwanza limetumika kuisukuma mahali pake. Mtu hulaumu springi ya nyundo wakati kosa liko kwenye mkono uliopachika fataki.

Kama fataki ziko sawa, tazama mbele ya silinda. Bastola inaporuka nyuma, maganda yaliyobaki huvutwa nayo, lakini vichwa vyake hubaki vikijivuta mbele kidogo kidogo, hasa kwenye bastola nyepesi yenye risasi kali. Kikichomoza kichwa kimoja, kinagonga fremu na kila kitu kinasimama. Kipimo chake ni rahisi: pima urefu wa risasi moja kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia vipimo vidogo, iache kwenye silinda huku ukifyatua zile nyingine, kisha ipime tena. Ikiwa imerefuka, mdomo wa ganda haujabanwa vya kutosha kwenye mfereji wa kichwa. Wakati mwingine, hata hivyo, ni chembe za baruti isiyoungua zilizoingia chini ya nyota ya kutolea maganda, kile kipande cha nyuma ya silinda kinachoyasukuma nje. Piga brashi, na unapotoa maganda elekeza mtutu juu ili uchafu uanguke nje.

Maganda yakianza kutoka kwa kugongwagongwa, acha kufyatua risasi za fungu hilo. Inaweza kuwa matundu ni machafu, lakini inaweza pia kuwa shinikizo limezidi, na hilo halipimwi kwa kujaribu risasi moja zaidi.

Ndugu Mhariri, sina ugomvi na mwandishi wenu, na sehemu aliyoeleza namna ya kushika bastola ilikuwa nzuri. Ninachoomba ni kwamba katika toleo lijalo sentensi ile irekebishwe, isomeke hivi: risasi ikigoma au ikilia hafifu, usivute tena. Subiri, fungua silinda, toa risasi zote, na uhakikishe mtutu uko wazi mwanzo hadi mwisho.

Wako,
Fundi wa silaha na msimamizi wa uwanja wa shabaha