Salamu za Idil-Fitri 1442 (Mei 2021): Tutoe, na Tumsitiri Anayepokea

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wetu, mama zetu, ndugu zangu katika imani, vijana na watoto wetu,

Kwa niaba ya kamati ya zaka na maafa ya jumuiya yetu, nawapa mkono wa Idi mapema, kabla mwezi haujaandama. Tumo ukingoni mwa kumi la mwisho la Ramadhani, na Mwenyezi Mungu akitupa uhai tutaswali Idi Alhamisi au Ijumaa, kadiri mwezi utakavyoonekana. Namwomba Mola azitakabali saumu zetu, kisimamo chetu na dua zetu, awarehemu waliotutangulia, awaponye wagonjwa wetu na atufikishe Ramadhani nyingine tukiwa na afya na imani. Amin.

Hii ni Idil-Fitri ya pili tunaifikia ndani ya maradhi haya ya korona. Shirika la Afya Duniani lilitangaza janga tarehe 11 Machi 2020, na Ramadhani ya mwaka jana ikatukuta milango ya misikiti imefungwa katika nchi nyingi. Tarawehe tuliziswali majumbani, baba akiwa imamu hata kama hajahifadhi zaidi ya sura fupi. Hija, ambayo mwaka 2019 ilikusanya karibu watu milioni 2.5, mwaka 2020 iliruhusiwa kwa wachache tu waliokuwa tayari ndani ya Saudi Arabia. Wapo wazee wetu waliokuwa wamekamilisha malipo na kununua ihramu zao, na wengine kati yao hawapo leo. Nia zao ziko kwa Mwenye kuzijua nia.

Mwaka huu tumerudi msikitini kwa safu zilizoachana, nyuso zimefunikwa. Ukitazama safu utaona mapengo, na si yote yaliyowekwa kwa ajili ya kuachana hatua. Mengine yana wenyewe. Kila nyumba imezika, au imemjua aliyezika.

Nami nitasema moja langu kisha niendelee. Wengi mnamkumbuka mama aliyekuwa akitunza daftari la kamati yetu, yule mwenye sauti ya chini ambaye hakuna mfuko wa msaada uliotoka stoo bila yeye kuutia alama. Alikuwa dada yangu, tumbo moja. Aliugua baada ya Rajabu kuingia na hakuifikia Ramadhani hii. Tulimswalia watu wachache, tumesimama mbalimbali, na aliyekuwa na zamu ya kuingia kaburini hakuwa mimi. Nilipokabidhiwa daftari lake ili niendeleze kazi, nilikaa nalo siku kadhaa sijalifungua. Salamu hizi nazitoa kwa wajibu wa kamati, lakini naziandika nikiwa na daftari hilo mbele yangu, na mengi nitakayoyasema nimeyatoa humo.

Janga lilipoanza, kisanduku cha Ijumaa kilinyamaza. Ndicho kilichokuwa kikilisha mayatima, kikimlipa mwalimu wa madrasa, kikinunua sanda za wasio na kitu. Msikiti ukifungwa, hakuna Ijumaa, na pasipo Ijumaa hakuna kisanduku. Tukahamia kwenye simu na benki: anayetoa anatuma, anapata risiti, na kila Alhamisi jumla inasomwa kwa wanajumuiya. Vijana walifanya kazi kubwa sana, Allah awalipe. Hata wale wazee waliokuwa hawaamini pesa isiyoshikika walielekezwa polepole mpaka wakaweza.

Tangu mwanzo vyungu vilikuwa viwili, na vitabaki viwili. Chungu cha zaka kina wenyewe, makundi manane yaliyotajwa katika aya ya 60 ya Surat Tawba, na kamati haina ruhusa ya kuongeza la tisa. Chungu cha sadaka ni kipana: humo ndimo ilimotoka sabuni, barakoa, mitungi ya oksijeni ya kuazimana, na misaada kwa majirani zetu wasiokuwa Waislamu, ambao njaa yao haina tofauti na yetu. Wapo waliouliza kama inafaa kutoa zaka kabla mwaka wake haujatimia, kwa kuwa dhiki ilikuwa haingojei. Inafaa. Al-Abbas, ami yake Mtume (SAW), aliomba aitangulize yake na akaruhusiwa, na mwezi Aprili 2020 Baraza la Maulamaa la Indonesia lilitoa fatwa kwa ajili ya janga hili hili, kwamba mali ikishafika nisabu, yaani kiwango cha chini kinachowajibisha zaka, zaka yake yaweza kutolewa mapema.

Nikiri kwamba baadhi ya makundi yale manane nilikuwa nikiyasoma tu darasani. Mwenye deni? Msafiri aliyekatikiwa njia? Nani alikuwa akiwaona hao mlangoni? Mipaka ilipofungwa usiku mmoja, wakatokea. Watu waliokuwa na nauli mfukoni na nyumba zao nchi nyingine, wakawa hawana pa kulala. Wenye biashara ndogo waliochukua mikopo mwezi Februari, ikafika Aprili hakuna mteja na mkopeshaji anapiga simu. Walimu wa madrasa waliokuwa wakiishi kwa ada ya kila wiki, na watoto hawaruhusiwi kukusanyika. Katika daftari la mwaka juzi majina mengi kati ya hayo yamo upande wa wanaotoa. Mwaka jana yamehamia upande wa pili wa ukurasa.

Hili ndilo lililomsumbua marehemu kuliko jambo lolote. Mtu aliyezoea kutoa hajui kupokea. Ataficha. Mwenyezi Mungu amewataja katika Surat Baqara, wale ambao asiyejua huwadhani ni matajiri kwa kujizuia kwao, na hawawaombi watu kwa kung'ang'ania. Basi akaacha kuandika majina. Kila nyumba akaipa namba, na majina akayatia katika bahasha iliyofungwa ambayo ilikaa kwa imamu. Daftarini utakuta: nyumba namba fulani, vinywa saba, mgonjwa mmoja, mtoto wa kunyonya mmoja. Mfuko ukitoka hutiwa saini mbili, ya anayetoa stoo na ya anayepeleka, na jioni mifuko iliyobaki huhesabiwa. Mhasibu anaweza kukagua kila kitu bila kujua nani alipewa nini. Kuna safu ya mwisho aliyoipa kichwa "mengineyo", na humo ameandika kwa mwandiko wake mdogo: "huyu apelekewe baada ya Isha", "hapa usibishe kwa sauti", "binti watatu, wawekewe vitambaa vyao". Sisi wanaume wa kamati tulikuwa tumepanga chakula na sabuni tukaona tumemaliza. Yeye ndiye aliyekumbuka kwamba nyumba yenye mabinti ina haja nyingine.

Walikuja wafadhili waliotaka picha. Tena kwa nia njema, naamini, maana mtoaji aliye mbali anataka kujua kilichotoka mkononi mwake kimefika. Lakini walitaka uso wa mama ameshika mfuko, na watoto wake wamepangwa mbele. Marehemu aliwajibu kwa neno moja: "Anayetaka ushahidi aje ahesabu mifuko iliyobaki." Baadhi walikasirika wakaondoka na fedha zao. Wengine walikuja wakahesabu, wakakagua saini, wakaongeza.

Ndugu zangu, dini yetu haikuanza jana kupambana na maradhi na njaa. Mwaka wa 18 Hijria mambo mawili yaliwashukia Waislamu kwa pamoja: tauni ya Amwas katika nchi ya Sham, yaani Syria na majirani zake, na ukame mkubwa uliochoma Hijazi, eneo la Makka na Madina, hata mwaka ule ukaitwa mwaka wa majivu. Khalifa alikuwa Umar bin al-Khattab (RA). Katika safari yake ya Sham alifika mahali paitwapo Sargh, akaambiwa maradhi yamo mbele. Akashauriana na masahaba, kisha akaamua kurudi. Abu Ubayda, amiri wa jeshi la Sham, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Akamjibu kwamba anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kuiendea kadari ya Mwenyezi Mungu. Naye sahaba Abdurrahman bin Awf akaja na hadithi ya Mtume (SAW): mkisikia tauni ipo katika nchi msiingie, na ikitokea mkiwa humo msitoke kwa kuikimbia. Abu Ubayda mwenyewe alifia katika tauni ile, na sahaba Muadh bin Jabal pia.

Na njaa ile Umar aliikabili vipi? Aliandika barua kwa maliwali wake wa mikoani akaomba chakula, na misafara ya ngamia ikaja Madina. Watu wa majangwani waliokimbilia mjini walilishwa jioni kwa jioni. Yeye mwenyewe aliapa kutokula samli wala nyama mpaka watu wapate, akala mafuta ya zeituni mpaka rangi ya uso wake ikabadilika. Inapokewa pia kwamba aliahirisha kukusanya zaka mwaka ule, mpaka mvua iliponyesha na watu wakapumua. Tafakarini. Kiongozi aliyekuwa na hazina mkononi aliona haya kushiba.

Leo dhiki haijaondoka, na kwa upande wa sufuria imezidi. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitangaza Mei 2021 kwamba bei za vyakula duniani zilikuwa zimepanda mwezi wa 11 mfululizo. Hamkuhitaji shirika liwaambie. Kila anayekwenda sokoni anajua. Mfuko uleule tulioufunga mwaka jana leo unagharimu zaidi, na wanaochangia wamepungua, kwa kuwa wengi wamechoka na wengine wao wenyewe wameishiwa. Aprili na Mei 2021 huko India watu walikufa kwa kukosa hewa. Masingasinga wa hekalu moja la Ghaziabad waliwawekea wagonjwa oksijeni ndani ya magari, kando ya njia, bila kuuliza dini ya mtu. Msikiti mmoja wa Vadodara ulitandikwa vitanda 50 vya wagonjwa mahali pa safu za swala. Nimeyaona hayo nikasema: kumbe nyumba ya ibada inaweza kufungwa kwa swala ikafunguliwa kwa rehema.

Basi nawausia, nikianza na nafsi yangu.

Zakatul-fitri itoke kabla ya swala ya Idi. Ni pishi ya chakula kwa kila kinywa ulicho na jukumu nacho, mkubwa kwa mdogo. Ikitoka baada ya swala imekuwa sadaka kama sadaka nyingine, na masikini ameshapitwa na asubuhi yake. Msiingoje saa ya mwisho. Mfuko unahitaji kufungwa, na kijana anayeupeleka anahitaji muda wa kufika.

Mwenye mali iliyofika nisabu, yaani thamani ya gramu 85 za dhahabu, na mwaka umeipitia, atoe asilimia 2.5 yake. Hiyo si hisani yako. Ni haki ya mtu mwingine iliyolala kwako. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini zaka si suala la moyo mkunjufu, ni deni, na deni halisubiri mwenye kudaiwa ajisikie.

Msibatilishe sadaka zenu kwa masimango na maudhi. Aya hiyo mnaijua. Nami nasema, picha ya mwenye njaa iliyosambazwa kwenye simu za watu ni masimango yasiyokufa: mtoto wake ataikuta akiwa mtu mzima. Ukimpa mtu, mpe na uso wake. Usimtangaze, usimtolee mfano mbele ya watu, usimkumbushe siku mkikosana. Na wewe uliyepokea, usiinamishe kichwa. Umekula riziki yako uliyoandikiwa, imepitia mkono wa mwenzako tu.

Wafanyabiashara wetu, mcheni Mungu katika vipimo na katika bei. Anayeficha bidhaa akingoja zipande, hata akichangia mfuko mmoja siku ya Idi, ajiulize ni nyumba ngapi alizozifikisha kwenye kuhitaji mfuko huo.

Siku ya Idi njooni mmetawadhia nyumbani, kila mtu na mswala wake na barakoa yake. Mikono ya Idi tupeane kwa ulimi. Wazee wenye maradhi ya kifua waswalie nyumbani, na vijana wapite kuwajulia hali wakiwa nje ya mlango. Chanjo ikifika zamu yako, ichome. Kujikinga hakupingani na kutawakali, na Umar ametuonyesha.

Wafiwa wote wa mwaka huu, wajane walio katika eda, mayatima wapya, na waliozika bila kuuona uso wa maiti wao: Mwenyezi Mungu awape subira njema, na awakutanishe nao mahali pasipo na kuagana. Waliopotelewa na kazi, awafungulie milango wasiyoitarajia. Wauguzi na madaktari waliofuturu kwa tende na maji katikati ya zamu, awalipe kwa mizani isiyo na hesabu.

Hesabu za Ramadhani, vyungu vyote viwili, zitasomwa baada ya khutba ya Idi, na daftari litakuwa mezani kwa kila anayetaka kukagua. Namba tu; bahasha bado iko kwa imamu. Tunatafuta pia dada wawili au watatu wenye mwandiko mzuri na siri kifuani wa kuendeleza safu ya mengineyo. Atakayekuwa tayari amwone imamu au aniambie mimi.

Taqabbala Allahu minna wa minkum. Kullu aam wa antum bikhayr. Idi njema, ya heri, afya na baraka, kwenu na kwa wote walio nyuma yenu.

Ndugu yenu,
Katibu wa Kamati ya Zaka na Maafa